Baiskeli ya mtumba ya kupandia mlima na kufungia mota: jinsi ya kuzilinganisha kabla hujatoa hela

Shemeji yangu anayeishi Newala alinipigia simu akiwa amesimama mbele ya baiskeli tatu za mtumba. Ya kwanza ni ile nyeusi ya 28 yenye breki za vyuma. Ya pili ya Kijapani, fremu ya kike, kapu mbele, gia tatu. Ya tatu ya milimani, ya alumini, ina springi mbele na nyuma na rangi inang'aa. "Shemeji, nichukue ipi? Mbele ya safari nataka nifunge mota." Nikamuuliza mambo matatu: mlima wako una ukali gani, unabeba nini, na unapita kwenye lami, changarawe au mchanga? Akanyamaza. Muuzaji hakuwa amemuuliza hata moja kati ya hayo.

Mimi naishi Mikindani na nimeshafunga mota kwenye baiskeli nne, mbili za kwangu na mbili za ndugu. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomwambia shemeji siku ile na wiki zilizofuata, pamoja na makosa niliyoyalipia kwa hela yangu. Kubwa kuliko yote ni hili: nunua kwanza baiskeli inayopanda mlima bila umeme na kushuka salama. Mota na betri vinaongeza kilo 7 hadi 10, tena vinaongeza nguvu. Fremu yenye ufa, rimu iliyolika au breki legevu, vyote vitajitokeza mapema zaidi ukishafunga mota, na vitajitokeza mteremkoni.

Hatua ya 1: Pima mlima wako

Huku kwetu milima haifanani. Ukitoka eneo la uwanja wa ndege wa Mtwara, ambalo liko kama mita 113 juu ya bahari, kuja Mikindani unateremka mpaka ufukweni. Ni mlima mmoja, wa lami, unaumaliza bado una pumzi. Newala ni habari nyingine. Mji umekaa kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, na ukisimama pale Shimo la Mungu ukatazama bonde la Ruvuma, unaelewa maana ya kwenda bondeni na kurudi na mzigo. Na ukishafika juu uwandani, vijiji vingi njia zake ni mchanga, nao mchanga unakula nguvu karibu kama mlima.

Ukali unaupima kwa fimbo ya mita moja na chupa ya maji isiyojaa. Weka ncha moja ya fimbo chini, upande wa juu wa mlima. Ilaze chupa juu ya fimbo, kisha inua ncha ya pili, ya upande wa chini, mpaka maji yakae sawa. Halafu pima kwa rula nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na ardhi. Ukipata sentimita 8, mlima unapanda mita 8 kila mita 100. Sentimita 4 au 5 hata baiskeli ya kawaida inajitahidi. Kuanzia 8 kwenda juu ndipo gia zinapoamua kama utapanda au utasukuma. Pima sehemu kali kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo mota huungua.

Kisha jumlisha uzito: mwili wako, baiskeli, mota na betri, na mzigo. Dumu moja la maji ni kilo 20. Mtu wa kilo 65 mwenye baiskeli ya kilo 16, vifaa vya kilo 9 na nusu dumu la maji ameshafika kilo 100. Hiyo 100 nitaitumia kwenye hesabu zote huko chini. Wewe weka yako.

Hatua ya 2: Pima gia kwa chaki

Usihesabu gia kwa kusoma stika ya "21" iliyobandikwa kwenye fremu. Kinachotakiwa ni kujua gia nyepesi kuliko zote inakusogeza umbali gani kwa mzunguko mmoja wa pedali. Weka cheni kwenye gia ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma. Piga chaki ardhini chini ya ekseli ya gurudumu la nyuma, sukuma baiskeli taratibu mpaka pedali izunguke mara moja kamili, piga chaki ya pili. Pima katikati ya alama hizo mbili.

Kwa mlima wa 8 na kuendelea natafuta mita 1.6 mpaka 2. Mita 3 inatosha kwa milima mifupi kama huu wetu wa Mikindani. Zaidi ya hapo, jiandae kushuka na kusukuma.

Sasa zitazame baiskeli tatu za shemeji. Ile ya 28 ina meno 48 mbele na 18 nyuma, na gurudumu lake linazunguka mita 2.2 na kidogo, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedali unaipeleka karibu mita 6. Ukipanda kwa kilomita 6 kwa saa, miguu inazunguka mara 17 tu kwa dakika. Huko si kuendesha tena, ni kupanda ngazi huku umebeba gunia, na magoti yanakumbuka. Ya Kijapani yenye gia tatu ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilitoa mita 3 na nusu kwenye gia nyepesi. Zipo za Kijapani za gia sita za nje, zenye meno 28 nyuma. Hizo zinashuka mpaka mita 2.4 hivi, na ukiipata ya namna hiyo usiidharau kwa sababu ina kapu. Ya milimani, kwa meno 24 mbele na 28 nyuma, ilitoa chini ya mita 1.8.

Kwa gia peke yake ya milimani imeshinda. Lakini subiri tufike kwenye fremu.

Hatua ya 3: Fremu na foki

Hapa tumia nusu saa, hata kama muuzaji anakunja uso.

Anza na sumaku ndogo. Ikishika, fremu ni ya chuma. Isiposhika, kwa kawaida ni alumini. Kwa matumizi ya huku mimi nachagua chuma. Fremu ya chuma ikipata ufa, fundi wa kuchomelea wa mtaani anaishona na unaendelea na safari. Alumini haichomelewi hivyo. Inataka mashine yake na fundi wake, na ikichomewa ovyo inakatika tena pembeni ya mshono.

Lakini chuma cha pwani kina ugonjwa wake. Baiskeli iliyoishi miaka karibu na bahari inaoza kwa ndani wakati rangi ya nje bado inapendeza. Chomoa siti na bomba lake. Likikataa kutoka kabisa, tayari umepata jibu. Likitoka, mulika ndani kwa tochi ya simu. Vumbi la kahawia si tatizo. Magamba yanayobanduka ni tatizo. Fundi mmoja mzee hapa Mikindani ndiye aliyenifundisha kugonga. Aligonga bomba la chini kwa spana namba 13, taratibu, akianzia shingoni kwenda kwenye krenki, pale pedali zinapozungukia. Tii, tii, tii, kisha karibu na krenki ikasema tpu. "Umesikia, mwanangu?" Nikamwambia sijasikia, mzee. Akagonga tena, akabonyeza pale kwa bisibisi, na bisibisi ikazama ndani ya chuma kama inaingia kwenye boga. Rangi ilikuwa mpya kabisa. Maji huingia kupitia bomba la siti, hutuama penye krenki, na huko hakuna anayeangalia.

Nyufa zitafute sehemu nne: chini ya shingo bomba zinapokutana, kuzunguka krenki, pale bomba la siti linapobanwa, na kwenye midomo ya nyuma ekseli inapoingia. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Ufa unanyonya mafuta halafu unayatema kama mstari mwembamba mweusi. Rangi iliyokunjamana kama ngozi nyuma ya shingo maana yake baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Simama pembeni uitazame foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele: lazima ifuate mstari wa shingo au ipinde mbele kidogo. Ikionekana imerudi nyuma, iache.

Unyoofu unapimwa kwa uzi. Funga uzi kwenye mdomo wa nyuma kushoto, uzungushe mbele ya shingo, uurudishe mpaka mdomo wa nyuma kulia, uvute ukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la siti kila upande. Tofauti ikizidi milimita 3, fremu imepinda. Muuzaji mmoja wa mtumba aliwahi kuniambia uzi huo ni uchawi. Nilipompa rula apime mwenyewe, akashusha bei bila kuombwa.

Springi sasa. Baiskeli ya bei ndogo yenye springi ya nyuma, usiinunue kwa kazi ya mlima. Kila unapokanyaga, nguvu yako inabonyeza springi badala ya kuzungusha gurudumu, viungo vyake vinalegea, na nafasi ya betri katikati ya fremu inakuwa haipo. Springi ya mbele inavumilika, kwa sharti moja: usifunge mota mbele. Sababu naieleza huko chini, na ni sababu niliyoipata kwa maumivu.

Hatua ya 4: Magurudumu, na ule mtego wa "26"

Watu wengi wanaumia hapa. Tairi zinaitwa 26 zote, lakini hazilingani. Tairi ya milimani ya 26 inakaa kwenye rimu ya milimita 559. Tairi nyembamba ya Kijapani ya 26 inakaa kwenye rimu ya milimita 590. Huwezi kubadilishana hata ukiilazimisha kwa vyuma viwili. Na ya Kijapani ya 27 ni milimita 609, saizi ambayo utazunguka Mtwara mpaka Lindi kuitafuta. Ile ya 28 tuliyoizoea ni 635, na ile nyingine inayoitwa 28 au 700 ya baiskeli za Ulaya ni 622.

Kwa hiyo usisome namba kubwa. Soma namba ndogo zilizoandikwa pembeni ya tairi kwa mtindo wa 50-559 au 37-590. Ya kwanza ni upana, ya pili ni rimu. Mimi natafuta 559 kwa sababu mbili: tairi pana za kuanzia milimita 50 zinazoelea kwenye mchanga zinapatikana, na magurudumu ya mota yanayouzwa tayari yamefungwa mengi ni ya saizi hiyo au ya 622.

Pitisha kidole pembeni ya rimu pale breki inapobana. Ikiwa imechimbika kama mfereji, imekwisha. Tikisa gurudumu kushoto na kulia. Mchezo mdogo ni wa kukaza, lakini likizunguka kwa mkwaruzo wa mchanga, goroli na vikombe vyake vinahitaji kubadilishwa. Cheni ipime kwa rula: pingili 24 za cheni mpya zina milimita 305. Zikifika 308, cheni imevutika na pengine imeshakula meno ya gia. Hiyo si sababu ya kuacha baiskeli nzuri. Ni sababu ya kupunguza bei.

Hatua ya 5: Breki kabla ya mota

Kilo 100 zikishuka mita 500, nguvu yote iliyokupandisha inageuka kuwa moto kwenye breki. Zile breki za vyuma za baiskeli ya 28 zinasukuma mpira mgumu upande wa ndani wa rimu ya chuma. Zikilowa ni kama hazipo, na kwetu mvua inaanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili. Kwa Mtwara mjini, Shangani au Ligula, zinatosha. Kwa kushuka kutoka uwandani na mzigo, hapana.

Baiskeli nyingi za Kijapani nyuma zina breki ya mkanda au ya duara penye habu, ile inayopiga kelele kama bata. Kwa mteremko mrefu inapata moto na kulegea. Zile za Ulaya unazosimamisha kwa kurudisha pedali nyuma, nazo ni hivyo hivyo.

Zinazofaa ni breki za V za waya, zenye mikono miwili inayobana rimu pande zote mbili, au za diski. Za V nazipenda zaidi, maana mpira wake unapatikana na fundi yeyote anazijua. Angalia kama fremu na foki vina vile vishina viwili vya kuzifungia. Fremu isiyo na vishina nyuma, wala mahali pa diski, ina mwisho wake.

Hatua ya 6: Je, inakubali mota?

Chukua rula. Pima nafasi ya ndani kati ya midomo ya fremu, bila kuhesabu unene wa chuma. Mota nyingi zinakaa ndani ya habu ya gurudumu, la mbele au la nyuma. Mbele zinataka milimita 100, nyuma 135. Baiskeli za milimani nyingi ziko hivyo. Za Kijapani na za 28 mara nyingi ni nyembamba. Fremu ya chuma inaweza kutanuliwa milimita chache na fundi mwenye mkono mtulivu. Ya alumini usiitanue hata milimita mbili. Ekseli ya mota imechongwa bapa, unene wake milimita 10, kwa hiyo mdomo mwembamba utahitaji kupigwa tupa kidogo. Kidogo kweli, si kula chuma chote.

Yako mengine ambayo wauzaji wa vifaa hawayataji. Baiskeli za 28 nyingi zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, wakati mota nyingi zina matundu 36, kwa hiyo rimu ya zamani hairudi. Na rimu mpya inayokuja na mota haina umbo linalokubali breki za vyuma. Maana yake ukifunga mota kwenye ile ya 28 unaweza kubaki bila breki upande huo, mpaka utafute mfumo mwingine. Kwa ya Kijapani, ukiweka mota nyuma, ile breki ya mkanda haina pa kukaa kwenye habu ya mota. Ndiyo maana hizo hufungwa mota mbele.

Mota ya mbele ina mahali pake: mjini, tambarare, foki ya chuma. Kwenye mlima uzito unarudi nyuma na gurudumu la mbele linabaki jepesi. Penye mchanga linachimba tu. Mimi ya kwanza niliifunga mbele kwenye foki ya springi ya alumini, bila chuma cha kuzuia ekseli isizunguke. Wiki ya tatu, nikipanda kutoka Mikindani asubuhi, nati zilikuwa zimelegea bila mimi kujua. Ekseli ikazunguka ndani ya mdomo, ikaupasua, ikajiviringishia nyaya zake na kuzikata, na gurudumu likatoka. Nilikuwa mwendo wa taratibu kwa sababu napanda, nikaishia na mkono uliochubuka mpaka kwenye kiwiko. Ningekuwa nateremka nisingeandika haya. Kile kipande cha chuma kinachoishika ekseli na kufungwa kwenye bomba la fremu, weka hata kama aliyekuuzia mota anasema hakihitajiki. Weka viwili kama mota inazidi wati 500.

Mwisho, nafasi ya betri. Fremu yenye pembetatu katikati inabeba betri chini na katikati, na baiskeli inabaki imetulia. Fremu ya kike haina pembetatu, betri inakwenda kwenye keria. Ongeza mota nyuma na dumu nyuma, na mlimani usukani unakuwa mwepesi mpaka unayumba.

Basi shemeji nikamwambia hakuna hata moja kati ya zile tatu. Ya 28 ni nzuri kwa kusomba maji pale pale mtaani. Ya Kijapani ingemfaa mama mkwe kwa kwenda sokoni. Ile ya milimani ilikuwa na gia nzuri na kila kitu kingine kibaya kwa kazi yake. Alingoja mwezi mmoja na nusu, akapata huko Masasi ya milimani ya chuma, foki ngumu isiyo na springi, gia saba nyuma, tatu mbele, breki za V, rangi imechakaa. Ilikuwa ya bei ndogo kuliko ile inayong'aa.

Hatua ya 7: Mota na betri kwa hesabu ya mlima

Kilo 100 kwenye mlima wa 8, kwa kilomita 8 kwa saa, zinahitaji kama wati 200 kwenye gurudumu. Mtu mzima wa kawaida anaweza kutoa wati 100 kwa muda mrefu bila kujiua. Kwa hiyo mota ya wati 250 pamoja na miguu yako inatosha kwa mtu mmoja. Ukibeba madumu mawili, nenda 500.

Lakini wati si jambo la kwanza. Uliza mota inazunguka mara ngapi kwa dakika bila mzigo. Kwa gurudumu la 26, mota ya mizunguko 200 inafikia kilomita 25 kwa saa tambarare. Ya mizunguko 328 inafikia 40, na vijana wanaipenda. Tatizo ni kwamba mota ya kwenye gurudumu ikizungushwa chini ya nusu ya spidi yake, sehemu kubwa ya umeme inageuka joto. Ya 40 ukiipandisha mlima kwa kilomita 8 kwa saa, unapika nyaya zake. Ya 25 inataka angalau 12, na ukiisaidia kwa miguu unafika. Kwa mlima chukua ya polepole. Gusa mota kila baada ya mlima mrefu. Ikikuunguza kiganja, pumzika.

Kama mlima wako ni mkali na mrefu, iko mota ya katikati inayofungwa mahali pa krenki. Inatumia gia za baiskeli yenyewe, kwa hiyo hata kwa kilomita 6 kwa saa inazunguka kwa raha. Kwa ukingo wa Newala na mzigo, ndiyo ningechagua nikiwa na hela. Inataka nyumba ya krenki yenye upana wa milimita 68 au 73 na nyuzi za kawaida za skrubu. Za 28 na zile ndogo za BMX mara nyingi hazikubali. Na inakula cheni, kwa hiyo punguza nguvu ya mota kila unapobadili gia.

Betri sasa. Kuinua kilo 100 mita 500 ni kazi ya wati-saa 136. Miguu ikitoa theluthi, mota inatoa 90, na kwa kuwa sehemu inapotea kama joto, betri inatoa kama 135. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Toa akiba ya moja ya tano, bado unapanda mara mbili. Kwenye mchanga punguza matumaini kwa robo au zaidi. Kuichaji kutoka sifuri inakula chini ya nusu yuniti ya Luku.

Betri za asidi zinavutia kwa bei, lakini nne za volti 12 ampea-saa 12 ni kilo 16 hivi. Hizo ni karibu dumu zima la maji unalolipandisha kila siku bila kulinywa. Chukua lithiamu. Ukinunua iliyotumika, ichaji ijae, iache saa moja, pima: ya 36 iwe karibu na volti 42, ya 48 karibu na 54.6. Kisha panda nayo mlima. Ikizima katikati huku taa zinaonyesha imejaa, seli zimechoka. Iliyovimba, yenye harufu tamu ya dawa, au iliyofunguliwa na kufungwa kwa gundi, usiipokee hata bure. Usichaji chini ya jua wala ikiwa bado ya moto, usichaji kitandani, na umeme ukikatika chomoa chaja mpaka urudi na utulie.

Hatua ya 8: Malipo

Msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba, hela zinaingia na bei za baiskeli zinapanda. Mimi nanunua Juni au Julai. Gawa bajeti yako kabla: betri itachukua fungu kubwa kuliko yote, ikifuatiwa na mota, na usisahau cheni mpya, mipira ya breki na tairi mbili. Namba ya fremu iko chini ya krenki au kwenye bomba la siti. Isome, iandike kwenye karatasi ya mauziano, na msaini mbele ya mjumbe au mtendaji wa mtaa. Namba iliyofutwa kwa tupa maana yake ondoka.

Hatua ya 9: Endesha bila mota wiki mbili, kisha ufunge

Wiki mbili za kukanyaga kwa miguu tu zitakuonyesha kila kinacholegea. Ukianza kufunga, fungua breki na uzifunge upya kwanza. Kisha gurudumu la mota, vyuma vya kuzuia ekseli, kontrola (kisanduku kinachogawa umeme kwenda kwenye mota), betri. Kila waya uache ushuke chini kidogo kabla ya kuingia kwenye kiungio, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuingia ndani. Pwani paka viungio grisi ya silikoni, maana chumvi ya upepo wa hapa Mikindani inageuza shaba kuwa ya kijani kwa mwezi mmoja. Weka fyuzi karibu na betri. Nunua vishikio vya breki vinavyokata umeme unapobana, vinaokoa.

Kilomita 20 za mwanzo, simama ukaze nati za ekseli. Kilomita 50, zikaze tena, na ubonyeze spoku mbili mbili kwa vidole uisikie iliyolegea. Kilomita 100, mpelekee fundi gurudumu la mota alinyooshe, kwa sababu spoku mpya zimeshakaa mahali pake. Shemeji alifanya hivyo Jumapili tatu mfululizo, akanitumia picha ya nati aliyoipiga alama ya rangi nyeupe ili aone kama imesogea. Haikuwa imesogea.